Mbonyeo wa Remigia

Mkono ulianza kuchora kabla Kastory Nyoni hajakaa vizuri kwenye kiti. Ulikuwa hivyo tangu mwenyewe yu hai: haungoji mtu. Kwenye kioo cha kazi mstari mweupe ulitoka mkiani mwa bawa, ukateleza tumboni, ukaanza kupanda kuelekea puani, pale mbele panapopasua upepo. Kastory akaacha kumenya kiazi chake cha asubuhi, akautazama.

"Taratibu, Mama Kanisia," alisema. "Leo hakuna anayekufukuza."

Mkono haukujibu. Hauna mdomo. Ulikuwa ni mazoea tu ya marehemu mkewe, Remigia, yaliyokusanywa na bangili aliyoivaa kazini miaka yote: jinsi misuli ilivyokaza, jinsi kidole kilivyosita, mahali alipobonyeza na mahali alipoachia. Siku figo zilipomshinda, karakana ya mabawa ya Songea ilibaki na haki ya kuutumia mkono wake, maana alikubali mwenyewe akiwa na akili zake timamu, na Kastory akakubali pamoja naye. Sasa Remigia alikuwa makaburini nyuma ya kanisa, na mkono wake ulikuwa kazini. Watu walishazoea mambo hayo. Siku hizi hata mshona viatu anaacha Mkono.

Mstari ulipokaribia pua ya bawa, ulilegea. Kidogo mno, kama mtu aliyepumua. Kisha ukakaza tena, ukazunguka pua, ukashuka mgongoni mpaka mwisho.

Hapo ndipo Kastory alipokuwa akingoja kila siku.

Remigia alikuwa na tabia. Walikaa meza moja, yeye akichora, mumewe akipima. Kila alipofika puani, kabla ya kuzunguka, alikuwa anageuka kumtazama Kastory. Daima alikuwa na la kuuliza. Umekula? Kanisia amepiga simu? Mbona leo umenuna? Shingo ikigeuka, bega linalegea. Bega likilegea, mstari unabonyea. Mkono wa sasa hauna shingo wala macho, wala haukumbuki kwa nini. Lakini kila ukifika puani unalegea, kama wa mtu anayegeuka kumtazama mwenzake.

Kazi ya Kastory ilikuwa kupima mipindo, na kwa kazi hiyo jicho la mtu halifai kitu. Mistari miwili inaweza kukutana bila mwanya, ikaelekea upande mmoja, jicho likaridhika kabisa, kumbe mmoja umepinda kwa ukali na mwingine umepinda kwa upole, na pale inapopokezana pana mruko. Ukipitisha kiganja husikii kitu. Upepo unasikia. Ukifika hapo unaachia ngozi ya bawa, unajikunja, unapiga, na bawa linatetemeka.

Ndiyo maana programu ya kuchorea ina kitana. Ukibonyeza, meno yanasimama juu ya mstari mzima kama nywele za mtu aliyeogopa. Mstari ukipinda kwa ukali, jino la hapo linakuwa refu. Ukipinda kwa upole, linakuwa fupi. Ukinyooka, hakuna jino. Fundi hatazami mstari, anatazama ncha za meno. Zikipanda na kushuka pole pole, kama mgongo wa kilima, bawa ni zima. Zikikatika ghafla, au zikibonyea, bawa lina ugonjwa.

Enzi za uhai wake, Remigia akimaliza kuchora alikuwa anaweka kitana mwenyewe, anauona mbonyeo wake pale puani, anacheka. "Nirekebishie hapo, Baba Kanisia." Na Kastory alikuwa anavuta vishikizo vya mstari, kimoja juu, kimoja chini, mpaka ncha zinatulia. Ndoa yao ilikuwa hivyo. Mmoja anachora, mwingine analainisha. Ugomvi ulikuwepo, na siku za kununiana zilikuwepo, lakini hata siku hizo mstari ukifika puani shingo iligeuka.

Baada ya msiba Kastory aliendelea kurekebisha kama kawaida. Kisha mkuu wa karakana, Mhandisi Edigna Haule, akaja na habari njema.

"Mzee Nyoni, kuanzia sasa kila unachorekebisha kinarudi kwenye Mkono, nao unajifunza. Baada ya muda hutakuwa na cha kurekebisha. Utapumzika."

Alisema kwa nia nzuri, na Kastory alimshukuru. Akarekebisha bawa, na jingine, na jingine. Halafu akaanza kuona. Mbonyeo ulikuwa unapungua kina, kama alama ya mguu inayojaa mchanga. Mkono ulikuwa unafundishwa kutogeuka, na mwalimu alikuwa yeye.

Aliuliza kama inawezekana kuweka nakala ya Mkono kama ulivyo. Haiwezekani, sheria inakataza, tangu watu walipoanza kuuza mikono ya wazazi wao kama vitumbua. Mkono wa marehemu ni mmoja, kama alivyokuwa nao akiwa hai. Angeweza kuuzima kabisa, maana ridhaa ya familia ilikuwa kwake. Lakini mkoa mzima haukuwa na mchoraji mwingine wa mabawa ya ndege za wagonjwa, na mvua ikinyesha barabara za mabonde zinakatika, mgonjwa anabaki na Mungu wake. Kastory aliwaza kuuzima, akaona haya, akaacha.

Ndipo akapata njia yake. Wingi wa meno ya kitana mtu anaupanga mwenyewe. Ukiyapanga karibu karibu, yanaonyesha kila kitu. Ukiyatawanya, mbonyeo mdogo unaangukia katikati ya jino na jino, na ncha zinaonekana safi kama za mstari wa malaika.

Kastory aliyatawanya. Akajiambia mbonyeo wenyewe ni mdogo, upepo hautajali. Alijidanganya kama watu wazima wanavyojidanganya, yaani kwa hesabu. Na kila asubuhi tangu hapo aliweka kitana chenye meno ya mbali mbali juu ya mstari wa mkewe, akaona ni safi, akaupitisha, na bawa likaenda kushindiliwa kwa nyuzi za mianzi kwenye banda la nyuma.

Asubuhi hii pia aliupitisha.

*

Kastory alimsikia mgeni wake kabla hajamwona, kwa vishindo vya buti.

"Wafungieni mbwa wenu ndani, wasiliwe!" Kastory alipiga kelele bila kugeuka. "Mhehe ameingia!"

"Kamwene, Mngoni."

"Kamwene. Leo ndege imekushusha hapa, au imekutema?"

Otavina Kikoti alikuwa rubani wa ndege za wagonjwa, mwanamke mrefu wa Iringa mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Babu zake na babu za Kastory walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wabaki wanatukanana, na wajukuu wakaurithi utani huo. Otavina alivuta kiti cha Remigia, kile ambacho mtu mwingine hathubutu kukigusa, akakikalia. Akachukua kiazi cha Kastory, akala.

"Hakina chumvi," alisema. "Nyie mmetembea toka kusini kote kule na hamkuokota hata chumvi njiani?"

"Maliza kula uondoke."

"Siondoki. Bawa lako linatetemeka."

Kastory alikuwa ameshika kisu cha kumenyea. Akakiweka chini.

"Upepo wa mabondeni," alisema. "Msimu huu ni mbaya."

"Upepo naujua, Mngoni. Upepo ukikutikisa unakutikisa popote. Hili linatetemeka nikipunguza mwendo tu, nikainua pua nitue. Ni hapo hapo, kila safari, upande wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Nikiongeza mwendo linaacha." Alifuta midomo kwa kiganja. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Juzi nilikuwa na mama mjamzito, nimemtoa bondeni huko, mtoto amekaa vibaya. Nimepunguza mwendo, ndege ikaanza kutikisika kama debe la mawe. Yule mama alinishika shati kwa nyuma akasema, 'Dada, tunaanguka?' Nikamwambia hapana. Nikatua kwa kasi kubwa kuliko inavyoruhusiwa, nusura nimalize uwanja. Wote wawili wazima. Lakini nilimwambia hapana, Kastory, na nilikuwa sijui."

Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina.

"Umemwambia Mhandisi?"

"Nimekuja kwako kwanza. Nionyeshe."

Kastory alifungua mchoro wa lile bawa. Akaweka kitana. Meno yakasimama, ncha zikapanda na kushuka vizuri.

"Safi," alisema.

Otavina aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alikaa hivyo kwa muda, akitafuna.

"Mbona meno yako mbali mbali hivi?"

"Ndivyo nilivyopanga."

"Mama yangu alikuwa ananitafuta chawa kwa kitana. Cha meno ya mbali hakipati hata mmoja, unatoka msafi kabisa, usiku kucha unajikuna. Yasogeze."

"Mhehe, hii ni kazi ya watu."

"Na ile ndege ni ya wanyama? Yasogeze."

Angeweza kukataa. Alikuwa mpimaji, na rubani hana amri mezani kwake. Lakini alishachoka kuubeba ule mzigo peke yake. Akayasogeza. Meno yakaongezeka, yakasongamana, na pale puani ncha zikazama ghafla kama paa la nyumba lililong'olewa bati moja.

Otavina aliutazama mbonyeo, kisha akamtazama Kastory, kisha akautazama tena. Mara mdomo wake ukafunguka.

"Hapo ndipo alipokuwa anageuka," alisema taratibu.

Kastory alikigeuza geuza kisu cha kumenyea pale mezani.

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Nikirekebisha, unajifunza," alisema Kastory. "Kila ninaporekebisha unageuka kwa uchache zaidi. Nimekwisha kumfundisha nusu, Otavina. Nusu nzima kabla sijajua. Hii ndiyo iliyobaki."

Otavina alisimama, akaenda mpaka dirishani, akarudi. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na machozi, na vyote viwili vilimkera.

"Siku ya msiba nilivaa gauni lake la kazini," alisema. "Unakumbuka?"

Angesahau vipi? Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka wamejiinamia, mara Otavina akatoka ndani amevaa gauni la marehemu na miwani ya marehemu, akaketi kwenye meza uani, akaanza kuchora hewani. Akavuta mstari, akapandisha, akafika puani, akageuza shingo kumtazama Kastory juu ya miwani: "Baba Kanisia, umekula?" Uwanja mzima uliangua kicheko. Kastory mwenyewe alicheka mpaka akashikwa mbavu, na kicheko kikageuka kuwa kile kilio kilichokuwa kimemshinda siku zote.

"Ndiyo kazi yetu watani," Otavina aliendelea. "Nilimwigiza, mkacheka, mkalia. Halafu nikafanyaje?"

"Ukavua gauni."

"Nikavua gauni, nikalikunja, nikampa wifi yake. Sasa mtani akikataa kulivua, anashinda nalo mjini, mwezi wa pili, wa tatu, anawauliza watu wamekula au hawajala, utamwitaje?"

"Mwizi."

"Au kichaa. Mimi nina akili zangu, nilivua. Hii mashine yenu haijui kuvua, na wewe unaisaidia." Alikaa tena kwenye kiti cha Remigia, sauti ikashuka. "Niambie kitu kimoja. Mwenyewe angekuwa hapa, akajua nyuma yangu kuna mama amelala na mtoto amekaa vibaya, angegeuka kukutazama?"

Kastory aliwaza. Alitaka kujibu kweli, si kujibu vizuri.

"Angegeuka," alisema. "Asingeweza kujizuia. Halafu angeniambia nirekebishe."

*

Mhandisi Edigna aliposikia hakufoka, na Kastory aliona afadhali angefoka. Alisimamisha kila ndege yenye mabawa yaliyopita chini ya kitana kile. Alimwambia Kastory kwamba akimaliza shughuli hii ataondoka kwenye meza ya vipimo, aende banda la mianzi, na Kastory akaona ni haki.

"Marekebisho nitampa mtu mwingine ayafanye," alisema Edigna. "Sikuombi wewe, mzee wangu. Hilo sitalifanya."

"Niachie mwenyewe."

"Una hakika?"

"Mgeni hatajua anachofuta. Atavuta tu."

Akarudi mezani. Akayasogeza meno karibu kuliko alivyowahi kuyasogeza, akafungua bawa la kwanza. Mbonyeo ukasimama pale mbele yake, mkubwa, bila aibu. Akashika kishikizo cha kwanza akakivuta. Jino likarefuka. Akashika cha pili. Ilikuwa kazi aliyoifanya maisha yake yote, vidole viliijua vyenyewe, na hilo ndilo lililouma: kwamba ilikuwa rahisi. Ncha zikatulia. Akapitisha.

Alimaliza mabawa ya zamani, Mkono ukaanza kuchora mapya. Mstari ukapanda toka tumboni. Kastory akakunja mikono kifuani.

"Nimekula," aliuambia kabla haujafika puani. "Kanisia amepiga simu jana. Amepata nyumba yenye bustani, anasema atapanda maua yale yako mekundu, nimemwambia hayataota kule. Sijanuna."

Mstari ulilegea. Akarekebisha.

Bawa lililofuata ulilegea kwa uchache zaidi. Akarekebisha. Ilikuwa kama kumtazama mtu anayegeuza shingo nzima, kisha nusu, kisha anakutupia jicho la pembeni tu. Kila mara Kastory alisema neno, la maana au la kijinga: mvua, bei ya mahindi, jirani aliyeoa tena. Aliogopa kunyamaza. Alihisi akinyamaza atakuwa anamsukuma mtu gizani bila hata kumuaga. Kufika mchana alikuwa amekaukiwa sauti.

Kisha ukaja mstari uliopanda, ukafika puani, ukazunguka, ukashuka. Haukulegea. Kastory aliweka kitana, akatazama ncha. Zilipanda na kushuka kama mgongo wa kilima. Aliikuza picha mpaka pua ya bawa ikajaa kioo kizima, akatafuta kati ya kila jino na jino, kama mama anayetafuta chawa. Hapakuwa na kitu.

Alikuwa na neno jingine la kusema, habari ya mbuzi wa padri. Hakulisema. Aliona halina wa kuambiwa.

Akaupitisha.

*

Bawa jipya haliruhusiwi kubeba mgonjwa kabla halijarushwa tupu. Otavina alikuja kumchukua Kastory banda la mianzi, akamkuta na vumbi la nyuzi mpaka kwenye kope.

"Vaa koti, Mngoni. Aliyepitisha bawa akae chini yake."

"Mimi sijawahi kupanda ndege."

"Ndiyo maana nina mfuko wa kutapikia. Twende."

Wakaruka. Kastory alifumba macho mpaka masikio yalipozibuka, kisha akayafumbua. Songea ilikuwa chini yao, mabati yakimeremeta, na mashamba ya mahindi yakikimbilia milimani. Alishangaa jinsi vitu vyote vilivyokuwa vidogo. Upande wake, nje ya dirisha, bawa lilikuwa limejinyoosha kimya. Alilijua kila jino lake, ila hakuwahi kuliona likifanya kazi yake.

Otavina aliendelea kupanda mpaka wakawa juu kabisa, mbali na vilima, mahali ambapo kosa lina nafasi ya kusahihishwa.

"Sasa napunguza mwendo," alisema. "Hapa ndipo lilipokuwa linaanza."

Injini zikashusha sauti. Pua ya ndege ikainuka kidogo. Kastory aliweka kiganja kwenye ukuta wa ndege, upande wa bawa, kama mtu anayempima mtoto homa. Akangoja. Alijua vizuri kwamba asingetaka bawa litetemeke. Alikuwa na akili zake. Alifikiri kuhusu mama yule aliyeshika shati la rubani, na mtoto ambaye sasa ananyonya mahali fulani huko bondeni. Lakini kiganja hakikufikiri hayo. Kiganja kilikuwa kinangoja.

Ukuta ulikuwa mtulivu kama ukuta wa nyumba.

"Umesikia?" Otavina aliuliza.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hivyo. Bawa ni zima kabisa. Limepona." Akarudisha mwendo, ndege ikasonga mbele. Alimtazama Kastory kwa pembeni, akatafuta la kumtania, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakulipata.

Wakaenda, jua likiwa begani kwao.

"Otavina."

"Sema."

"Punguza tena."

Akapunguza tena. Pua ikainuka. Kastory akaweka kiganja chote, na safari hii akaweka na shavu, bila kujali anaonekanaje. Kimya. Upepo ulipita juu ya bawa bila kukwama mahali popote, ukaenda zake.

Otavina akarudisha mwendo, akazunguka polepole kuelekea uwanjani. Kastory alibaki ameegemea ukuta. Hakuomba kitu kingine. Hakukuwa na namna ya kuomba.

Kabla hawajaanza kushuka, Otavina aliushika usukani vizuri, akapunguza mwendo mara ya tatu, bila kuombwa, akaiacha ndege ielee pale kwa muda mrefu kadiri ilivyoweza kuelea.